Ghala la Vitabu si Maktaba

Wapo watu wanaopima maktaba kwa hesabu ya vitabu vilivyomo, kama mfugaji apimavyo utajiri wake kwa vichwa vya ng'ombe. Kipimo hiki ni chepesi, nacho kinapotosha. Ng'ombe mia wasiokamwa hawampi mtoto maziwa. Na vitabu elfu kumi visivyojibu hata swali moja la watu waishio kulizunguka jengo lile havifanyi maktaba, vinafanya ghala. Dai langu ni kwamba maktaba nyingi za vyuo vyetu vya theolojia zimeelekea kuwa maghala, na kwamba dawa yake si shehena nyingine ya vitabu kutoka ng'ambo. Dawa ni kuigeuza kazi yenyewe ya maktaba: iache kuwa mpokeaji tu, iwe mkusanyaji.

Tumchukue mwanafunzi mmoja wa kufikirika, mzaliwa wa Igowole katika Wilaya ya Mufindi, aliyetumwa na kanisa lake kusomea uchungaji. Nchi yake ya Nyanda za Juu za Kusini si ngeni kwa Injili. Wamisionari wa Berlin na Wamoraviani waliingia upande wa Unyakyusa mwaka 1891. Wabenediktini wakajenga Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla karne ile haijaisha. Wakonsolata wakafika mwaka 1919. Hiyo ni historia ya zaidi ya miaka 130. Mwanafunzi wetu anataka kuandika tasnifu juu ya swali lililo karibu na moyo wake: Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, nani aliyashika makanisa ya vijijini? Walimu na wazee wenyeji walisali vipi, waliamua vipi, waligombana juu ya nini?

Anaingia maktabani. Juu ya Luther na mji wa Wittenberg atapata vitabu; juu ya Mtaguso wa Trento atapata pia. Juu ya babu zake atakuwa na bahati akikipata kitabu cha Marcia Wright kuhusu misheni za Kijerumani katika Tanganyika, kilichotolewa Oxford mwaka 1971, kwa Kiingereza. Akitaka kupita kitabu hicho na kufika kwenye chemchemi zenyewe, ataelekezwa mbali: nyaraka za Misheni ya Berlin ziko Berlin, za Wamoraviani ziko Herrnhut, za Wabenediktini ziko St. Ottilien. Na hata akifadhiliwa nauli, atakuta barua zilizoandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kufundishwa. Basi kijana huyu, akishindwa kupata habari za Mufindi, huandika tasnifu juu ya Wittenberg. Tunampa shahada, tunampigia vigelegele, na kijiji chake kinabaki bila historia kama kilivyokuwa kabla hajaondoka.

Silaumu waliozihifadhi karatasi zao. Waliandika, wakatunza, na mtu hahukumiwi kwa kutunza mali yake. Lakini tuna fundisho lililo karibu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, ulidai fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe. Nalo lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954, baada ya miaka 35. Ikiwa fuvu la mtawala mmoja lilistahili kuandikwa katika mkataba wa mataifa, je, habari za maelfu ya watu walioishi, wakabatizwa, wakaoana na kuzikwa katika nchi hiyohiyo hazistahili hata barua moja ya kuomba nakala?

Hali hii ina chanzo chake. Mwaka 1958 ulianzishwa Mfuko wa Elimu ya Theolojia, nao ukasaidia vyuo vya Afrika, Asia na Marekani ya Kusini kununua vitabu. Mwaka 1960 Raymond P. Morris, mkutubi wa Yale, alitoa orodha ya vitabu vya theolojia ili iviongoze vyuo hivyo katika kuchagua. Lilikuwa jambo jema, na asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kikubwa. Lakini orodha iliyotungwa Marekani haiwezi kuwa na muhtasari wa baraza la wazee wa Mufindi. Kosa si la aliyeitunga. Kosa ni la waliodhani kwamba kazi iliishia hapo.

Tazama pia namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Mpango wa Melvil Dewey, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, umeupa Ukristo na Biblia nafasi pana kuanzia 220 hadi 289, na dini za jadi za Waafrika ukazikunja ndani ya 299.6. Historia ya Ukristo katika Tanzania yote huangukia 276.78. Namba si dhambi, na sisemi tuzichome. Nasema kwamba mtu atakaye kuipima seminari asiulize ina vitabu vingapi. Aende kwenye rafu ya 276.78, aangalie urefu wake, kisha aulize ni vingapi kati ya hivyo vilivyoandikwa na wenyeji.

Nyaraka za kuijaza rafu ile zipo. Ziko katika masanduku ya parokia, ya sharika na ya shirika: daftari za ubatizo, za ndoa na za mazishi; mihtasari ya vikao; madaftari ya makatekista na wainjilisti; nyimbo zilizoandikwa kwa mkono katika Kihehe, Kibena, Kikinga na Kinyakyusa. Mtafiti makini hasomi majina tu katika daftari kama hizo. Katika orodha ya mazishi huona mwaka wa njaa na mwaka wa maradhi. Katika ndoa zilizocheleweshwa huona vijana waliokwenda kukata mkonge au kuchuma chai. Katika majina ya ubatizo huona watu walivyojadiliana na dini mpya, wengine wakiliacha jina la ukoo na wengine wakiling'ang'ania. Huo ni utafiti wa theolojia kama ulivyo utafiti wa Kigiriki cha Agano Jipya.

Adui wa karatasi hizi ni mchwa, panya, unyevu wa ukungu wa Mufindi, na uhamisho wa mchungaji ambaye mrithi wake hajui sanduku lile lina nini. Wilaya hiyohiyo ina misitu ya Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980. Mahali panapotengeneza karatasi kwa tani, karatasi chache zenye kumbukumbu za watu wake zinaoza. Kejeli hii haihitaji mshairi wa kuieleza.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: zama za maktaba zimepita, kila kitu kimo katika intaneti. Namjibu kwamba intaneti ni kisima kirefu, lakini hakitoi maji ambayo hayakuingia. Daftari ambalo halijapigwa picha wala kuorodheshwa halimo humo, na halitaingia kwa dua. Wa pili atasema: hatuna fedha. Lakini rafu kavu, masanduku mazuri, orodha iliyoandikwa kwa uangalifu na kamera moja ni gharama ndogo kuliko lango la chuo na bango lake. Wa tatu ana hoja nzito zaidi: daftari za kanisa zina siri za watu, watoto waliozaliwa nje ya ndoa, waliotengwa kwa nidhamu, waliogombania mashamba. Hoja hii ni ya haki. Lakini dawa ya siri ni sheria ya kufunga nyaraka kwa miaka maalumu, kama wafanyavyo watunza nyaraka duniani kote. Si kuziachia panya, ambao hawana sheria.

Basi lipasalo kutendwa ni hili. Kila tasnifu ya theolojia itokayo katika vyuo vya Iringa, Njombe na Mbeya iwe na wajibu wa kuacha amana maktabani: mahojiano ya mzee yaliyorekodiwa kwa ridhaa yake, au nakala za nyaraka za usharika mmoja, zikiwa na maelezo ya zilikotoka. Nyaraka asili zisihamishwe bila stakabadhi wala bila kuwaachia wenyewe nakala, tusije tukavinyang'anya vijiji kwa jina la elimu. Orodha iandikwe kwa Kiswahili, na Wakatoliki, Walutheri na Wamoraviani wabadilishane orodha hizo, kwa maana mchwa hawaulizi dhehebu. Chuo kiwafundishe wanafunzi wawili au watatu kusoma ule mwandiko wa Kijerumani, na maombi ya nakala yapelekwe Berlin, Herrnhut na St. Ottilien kwa adabu, kwa maandishi, na kwa kurudiwa mpaka yajibiwe. Na mkutubi ahesabiwe kuwa mwalimu miongoni mwa walimu, akae katika baraza linalopanga masomo. Asiwe mshika funguo anayeulizwa tu mlango utafungwa saa ngapi.

Hakuna katika haya linalongoja mfadhili. Linalotungoja sisi ni wakati. Mzee aliyesimuliwa na baba yake habari za miaka ile ya vita hatakuwapo muhula ujao kwa sababu tu ratiba imemwandika. Na sanduku lililoachwa sakafuni masika haya huenda likafunguliwa masika yajayo likiwa na udongo. Wakuu wa vyuo wanaotaka kujua waanzie wapi waanze na wanafunzi wa mwaka huu, wakiwatuma likizoni na daftari tupu, kila mmoja nyumbani kwao.