Meli ya vipande bila vipuri ni hasara

Msomaji wa Singida ana haki ya kuuliza manowari zinamhusu nini mtu wa katikati ya nchi. Zinamhusu tangu zamani. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kupamba moto, treni za Reli ya Kati zilipita Manyoni na Itigi zimebeba meli nzima ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ilikuwa Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikakazwa kwa bolti, ikafunguliwa tena, na ilipofika Kigoma ikaunganishwa kwa ribiti. Februari 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika.

Julai mwaka huohuo manowari Königsberg ilimalizwa na Waingereza kwenye delta ya Rufiji. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi, na mmoja ukafungwa juu ya Goetzen. Mwaka uliofuata uling'olewa, ukapelekwa kupigana nchi kavu. Dhiki ndiyo iliyowafundisha kuhamisha silaha kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Leo waunda frigeti wanauza wazo hilohilo kwa bei ya kutisha. Denmark ndiyo iliyolifanyia kazi vizuri, tangu miaka ya 1980. Mzinga unakaa juu ya kasha la chuma na mitambo yake iko ndani. Winchi inalishusha kasha kwenye shimo lililopimwa, mafundi wanakaza bolti na kuunga umeme, na kazi imekwisha ndani ya saa moja, ukiacha muda wa kupima shabaha. Meli ikizeeka, kasha linahamia kwenye mpya.

Wamarekani walijaribu kwa pupa. Meli zao za pwani zilikusudiwa kubadilishwa kazi kwa siku chache: leo kusaka mabomu ya majini, kesho nyambizi. Vifaa vilichelewa, mabaharia hawakuweza kuwa mabingwa wa kila kitu, na 2016 jeshi likaamua kila meli ibaki na kazi moja. Mojawapo ya meli hizo, Sioux City, ilianza kazi 2018 na ikastaafishwa 2023. Hata kwetu Afrika somo lipo: Aradu ya Nigeria, frigeti ya kwanza ya aina ya MEKO iliyobuniwa kwa mtindo huo wa vipande, imekaa miaka mingi bandarini bila kazi.

Tanzania haina frigeti, na kwa maoni yetu isikope fedha kuzinunua. Tuna maziwa makubwa matatu na pwani ndefu, na mikataba ya meli za abiria, mizigo na doria itaendelea kusainiwa. Hapo ndipo wazo hili linapotufaa. Injini ikae kwenye kitako kinachokubali ya mtengenezaji mwingine. Rada, winchi na mzinga vifungwe kwa namna ya kung'oleka bila kukata chuma. Na vipande vyenyewe vipimwe kwa njia zetu: aliyewahi kukaa nyuma ya lori zito likiteremka mlima wa Sekenke anajua kuwa si kila kitu kinachopakuliwa Dar es Salaam kitafika Mwanza kwa amani.

Goetzen, ambayo tangu 1927 inaitwa Liemba, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, na katika miaka ya 1970 ikatolewa injini za mvuke na kuwekewa za dizeli. Bodi lile lilivumilia yote hayo kwa sababu kila mara walikuwepo watu waliojua kulifungua na kulifunga. Watu hao hawaji ndani ya kasha.

Kwa hiyo, mkataba ujao wa meli ukifika mezani, wabunge wetu waulize kabla ya kalamu kuguswa: michoro kamili atabaki nayo nani, vipuri vya miaka kumi vimo kwenye bei au la, na ni vijana wangapi wa Kitanzania watakaoshika spana tangu siku ya kwanza.