TUJENGE TUKIJUA TUTABOMOA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Waama, wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakutuambia mchanga wa ukuta huo utatoka wapi, wala ule ukuta wa kwanza ukianguka vifusi vyake vitapelekwa wapi. Hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili, ndugu msomaji, katika ukurasa huu mdogo niliopewa na mhariri.

Rai yangu ni moja tu. Sisi watu wa Kitui na Makueni hatuna budi kuanza kujenga majengo yanayoweza kufunguliwa, kugeuzwa na kujengwa upya kwa vifaa vile vile. Sisemi haya kwa sababu ya kupenda mambo mageni. Nasema kwa sababu ya maji.

Najua kuna atakayecheka na kuuliza, "Jengo na maji vinahusianaje?" Hebu tulia nikueleze. Mito yetu mingi hukauka mvua zikipita. Thwake na Kaiti kule Makueni, Tiva, Nzeeu na Kalundu huku Kitui, kwa miezi mingi ya mwaka huonekana kama barabara za mchanga. Mgeni huidhania imekufa. Mwenyeji, lakini, huchimba shimo mchangani na kupata maji safi ya kunywa. Mchanga ni tangi letu. Hufyonza maji ya mafuriko, huyaficha jua lisiyakaushe, na kuyachuja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 jamii za Kitui, zikisaidiwa na shirika la SASOL, zimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hukingwa mtoni, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa humo hadi kiangazi.

Sasa lori likija likazoa mchanga huo mpaka mwamba ukaonekana, mvua ijayo itapita mbio kama mtu aliyekosana na wenyeji. Siku mbili tatu, mto mkavu! Kina mama na punda wao watakwenda mbali zaidi, na wasichana wengine watafika shuleni wamechelewa. Viongozi wetu wameliona jambo hili. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Kitui nayo, mwaka wa 2018, ilipiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa kwenda nje ya kaunti. Watu wamegombana na hata kuuana kwa ajili ya mchanga. Sheria ni njema, lakini sheria humkamata mwenye lori. Haimuulizi mwenye kujenga kwa nini anahitaji malori mengi hivyo. Swali hilo ni letu sisi.

Na hakuna mjenzi mkubwa vijijini kama shule! Tazama historia yetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, wazazi waliambiwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi ya kimu. Harambee zikafanywa, mbuzi na kuku wakauzwa, karakana zikasimama. Baadaye masomo hayo ya mikono yakaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na karakana nyingi zikawa stoo za madawati mabovu. Kisha ukaja mtaala wa umilisi. Serikali ikapanga madarasa 10,000 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari ya chini, na mengi yakajengwa katika shule za sekondari. Kabla rangi haijazeeka, uamuzi ukatolewa mwishoni mwa 2022 kwamba wanafunzi hao wasomee katika shule za msingi. Basi ikawa darasa liko huku, mwanafunzi yuko kule. Watoto walihama, lakini darasa halina miguu. Na sasa Gredi ya 10 imeanza mwaka wa 2026 na njia zake tatu za masomo, nazo shule zinatafuta maabara, vyumba vya sanaa na vya michezo.

Silaumu mtaala wowote, maana mitaala ni lazima ibadilike. Ninachouliza ni hiki: ikiwa tunajua kwa hakika kwamba mahitaji yatabadilika, mbona tunajenga kana kwamba hayatabadilika kamwe?

Mtazame mtu anayehama boma lake. Hung'oa mabati, milango, madirisha na mbao za paa, akapakia kwenye mkokoteni. Ukuta huuacha. Si kwamba haupendi! Matofali yake yameshikana kwa simiti, na simiti hiyo ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Ukijaribu kuyatenganisha, tofali huvunjika kabla ya simiti kuachia. Kwa hivyo udongo uliochimbwa, kuni zilizochoma tanuri, mchanga uliotolewa mtoni, vyote huwa kifusi cha kuzibia mashimo ya barabara. Akifika aendako huanza tena: udongo mwingine, miti mingine, mchanga mwingine. Bandu bandu huisha gogo. Tena tusisahau kwamba saruji huokwa katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na wataalamu wanasema viwanda vya saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ukame unaotusumbua Ukambani unazidishwa na hewa hizo hizo.

Kujenga kwa kufungua si jambo geni. Mfanyabiashara wa kibanda pale Emali anajua. Akiambiwa aondoke kando ya barabara, hufungua mabati na fremu yake, na kesho yake anauza sukari mahali pengine. Babu zetu walijua pia. Nyumba zao za miti na nyasi zilifungwa kwa kamba za maganda ya miti, na kilichooza kilibadilishwa bila kuangusha nyumba nzima. Kule Lamu upana wa vyumba vya kale ulifuata urefu wa boriti za mikoko, yaani jengo lilikifuata kifaa, si kifaa kukatwakatwa ili kilifuate jengo. Ughaibuni nako, mwaka wa 1851 Waingereza walijenga jumba kubwa la chuma na vioo katika bustani ya Hyde Park, London. Maonyesho yalipokwisha wakalifungua, na mwaka wa 1854 likafunguliwa rasmi upya Sydenham. Na nyinyi wapenda kandanda, mnakumbuka Brazil ilivyoicharaza Korea Kusini mabao 4-1 katika Kombe la Dunia la 2022? Uwanja ule wa Doha unaitwa 974 kwa sababu ulijengwa kwa makontena 974 na fremu za chuma, ukabuniwa tangu mwanzo uweze kufunguliwa.

Basi sisi tufanyeje? Hatuna pesa za Qatar, lakini hatuzihitaji. Kwanza, paa lishikiliwe na nguzo, si na kuta za katikati. Hivyo ukuta wa kugawa vyumba unaweza kuondolewa na madarasa mawili yakawa maabara moja, bila kugusa paa. Pili, palipo na uwezekano tutumie bolti, nati na skrubu badala ya misumari na kuchomelea. Mbao iliyofunguliwa kwa spana hubaki mbao, lakini iliyong'olewa kwa mtaimbo huwa kuni. Tatu, vipimo vya chumba vifuate vipimo vya mabati na mbao zinazouzwa madukani, ili visikatwe ovyo. Nne, tutumie matofali ya kufungana yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo. Hayachomwi kwa kuni, na yanapangwa kwa kushikana meno, hivyo huhitaji simiti kidogo sana kati yake. Tano, kila jengo liwe na daftari lake ofisini linaloonyesha limeundwa kwa nini, nguzo ziko wapi na bolti ni za ukubwa gani. Mafundi huzeeka na walimu wakuu huhamishwa, lakini daftari hubaki.

Najua pingamizi zenu, maana tumebishana sana bwenini. Wengine wanasema, eti jengo la bolti litafunguliwa na wezi usiku. Nati zikae upande wa ndani, jamani! Mwizi wa mabati hata ya misumari huyang'oa. Wengine wanasema mchwa watalila. Mchwa wa kwetu ni hodari, sikatai, lakini nguzo zikiwa za chuma, au mbao zikiinuliwa juu ya msingi wa mawe, watasumbuka. Na faida ya skrubu ni kwamba mbao moja ikiliwa hubadilishwa hiyo moja.

Pingamizi nzito ni ya gharama. Ni kweli bolti ni ghali kuliko msumari, na fundi wetu hajazoea, kwa hivyo siku ya kwanza tutalipa zaidi. Lakini mzazi aliyechangia karakana miaka ya themanini, akachangia tena darasa, na sasa anaombwa achangie maabara, amelipa mara ngapi? Na mto umelipa mara ngapi? Akiba haiozi, wala bolti iliyopakwa grisi haiozi.

Sisemi kila kitu kifunguliwe. Msingi utabaki msingi, na tangi la maji tulijenge lidumu. Wala nisieleweke kuwa tubomoe majengo yaliyopo ili tujenge ya mtindo huu. La hasha! Jengo bora kuliko yote ni lile ambalo tayari lipo na linaweza kugeuzwa. Ile karakana ya zamani yenye madawati mabovu ndiyo ianze kuwa chumba cha sanaa.

Ombi langu kwa walimu wetu, kwa bodi ya shule na kwa wazazi ni dogo na halina gharama. Kabla ramani yoyote haijatiwa sahihi, aitwe fundi mbele ya mkutano, na akisha kueleza atakavyojenga, aulizwe swali moja zaidi: "Na siku ya kulifungua jengo hili, tutaanzia wapi?" Akikosa jibu, arudi na ramani yake nyumbani. Lori la mchanga nalo lingoje.