Foleni ya Mbagala ndani ya laptop yangu

Wadau, juzi usiku nimesakinisha SUMO, ile programu ya bure ya Wajerumani ya kuigiza foleni za magari. Ndani ya VS Code niliandika mstari mmoja tu, pip install eclipse-sumo, nikaielekeza SUMO_HOME kwenye folda yake, basi. Nikavuta ramani ya OpenStreetMap, ile ambayo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar waliijazia mitaa kupitia Ramani Huria kuanzia 2015. Magari yakaanza kupita kulia kama Berlin! Kumbe netconvert inataka uiambie --lefthand.

Sasa mtu asiniambie tena foleni ni mambo ya wataalamu. Ninachokosa mimi ni hesabu: Barabara ya Kilwa inapitisha magari mangapi kwa saa? Magari huhesabiwa kila mradi unapopangwa, kwa kodi zetu. Nimeenda ofisi moja (siitaji) mara mbili, mara zote naambiwa "andika barua". Niliandika. Kimya.

Siri ya nini jamani, magari si yanapita barabarani mchana kweupe?

Kwa namba zangu za kubuni, daladala inatoka Rangi Tatu saa moja asubuhi na kufika mjini bila kusimama. Mdau wa Mbagala, umewahi kuipanda hiyo?