Sadaka Ina Njia Yake: Tuandikeje Mapato ya Msikiti?

Ndugu katika imani, katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita na Nyarugusu, mapato ya misikiti hayaji kwa mpango kama mshahara. Mchimbaji mdogo akijaaliwa, huleta mchango mkubwa Ijumaa moja. Kisha miezi hupita kimya. Hivyo kamati huweza kuwa na fedha nyingi sandukuni huku umeme umekatika na mwalimu wa madrasa hajapata posho. Hapo ndipo penye mtihani.

Tunasema: fedha za sandukuni hufanana kwa sura, lakini hukumu zake ni mbalimbali. Zaka imepangiwa makundi manane katika Surat at-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni walio wengi hawaruhusu itumike kuendesha msikiti. Mchango wa kisima ni amana ya kisima. Sadaka ya jumla pekee ndiyo ambayo kamati ina hiari ya kuielekeza penye haja. Basi daftari la mapato na liwe na safu tatu, na mtoaji aulizwe nia yake kabla ya kuandikiwa stakabadhi, na jibu lake liandikwe humo.

Ahadi za harambee bado si mapato. Ziwe na orodha yake mpaka fedha zifike. Anayeleta dhahabu, ipimwe mbele yake na mashahidi wawili, uzito uandikwe kwa gramu. Ikishauzwa katika soko la madini, kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, hati ya mauzo iambatishwe.

Wapo wasemao kuandikiana ni kutoaminiana. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inaamrisha kuandika deni, na waliosomewa kwanza ni Masahaba. Naye Mtume (s.a.w.) alimkemea hadharani Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyejitengea alichodai kuwa amezawadiwa yeye.

Mwalimu akikosa posho, dawa si kukopa kisimani. Waumini waelezwe baada ya swala ya Ijumaa: kila safu imeingiza kiasi gani, imetoa kiasi gani, na pengo liko wapi. Aliyeshuka shimoni kutafuta gramu zile ana haki ya kujua kama maji yametoka.

Wabillahi tawfiq.