Bunduki si Haki ya Kuzaliwa Nayo

Jioni ya tarehe 17 Juni 2015, mjini Charleston, Marekani, kijana mgeni aliingia katika kanisa la Emanuel. Waumini walimpa nafasi, akaketi nao katika somo la Biblia karibu saa nzima. Kisha akatoa bastola akawaua watu tisa, akiwemo mchungaji wao, Clementa Pinckney. Chuki ya rangi ndiyo iliyomtuma. Lakini bastola aliipata wapi? Aliuziwa dukani. Sheria ya nchi ile yasema kwamba uchunguzi wa mnunuzi usipokamilika katika siku tatu za kazi, muuzaji aweza kumkabidhi silaha. Uchunguzi ulichelewa, naye akakabidhiwa. Mkuu wa FBI alikiri baadaye kwamba hakustahili kuuziwa.

Twaambiwa kwamba bunduki ni utamaduni wa Marekani, na mgeni anyamaze. Hatumlaumu mwindaji wa kulungu kule Montana. Tunalokataa ni kukigeuza chombo kuwa kipimo cha utu na uhuru wa mtu. Rekebisho la Pili la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791, laanza kwa kutaja mgambo wenye nidhamu. Ni mwaka 2008 tu ambapo Mahakama Kuu ya nchi ile ilitamka kwamba lampa raia mmoja mmoja haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda, tena kwa kura tano dhidi ya nne. Na hayo ndiyo yanayohubiriwa leo kana kwamba ni agano la mababu!

Kwa makadirio ya mwaka 2018, raia wa Marekani wanamiliki bunduki zipatazo milioni 390, nyingi kuliko watu wenyewe. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua. Hapa ndipo hoja ya kujilinda inapoyumba. Mwizi aliyengojewa hakuja. Aliyezikwa ni mwenye nyumba, au mwanawe aliyejua ufunguo wa kabati ulipofichwa. Wengi wanaojaribu kujiua kwa njia nyingine huokolewa wakapata kushauriwa na kutibiwa. Risasi haimpi mtu nafasi hiyo.

Watetezi husema kwamba bunduki haiui, mtu ndiye auaye. Naam, na watu wenye hasira wako kila nchi. Kule Dunblane, Scotland, mwaka 1996, waliuawa watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapiga marufuku bastola za raia. Kule Newtown, Marekani, mwaka 2012, waliuawa watoto 20 na watu wazima sita shuleni. Miezi minne baadaye, pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi lilipata kura 54 katika Seneti. Zilihitajika 60.

Mwaka 2022, baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, Texas, muda wa uchunguzi uliongezwa hatimaye, lakini kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 tu. Muuaji wa Charleston alikuwa na miaka 21.