Pua ya Furu Nayo Ichunguzwe

Wananchi wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Ziwa Victoria wanamjua furu tangu enzi za mababu. Kwa wengi wetu ni kitoweo na chambo tu. Lakini ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za samaki huyo mdogo, na nyingi zilitoweka katika miaka ya 1980, baada ya sangara aliyeingizwa katika miaka ya 1950 kuongezeka mno.

Sangara hakuuleta msiba huo peke yake. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi, na kwamba maji yakichafuka rangi hazitambulikani, hata aina mbili zikachanganyika. Furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985 ni mfano. Penye maji maangavu dume lake jekundu hutengana na jamaa yake wa buluu. Penye tope mpaka huo hufifia.

Macho ya furu yamechunguzwa kwa bidii. Sisi tunauliza: na pua je? Furu ana tundu moja la pua kila upande, na ndani yake mna kiungo cha kunusa. Chembe hai zote za mwili wake zina jeni zilezile, ila puani huamka zile za kunusa. Mtaalamu hupima ni zipi zilizoamka na kwa kiasi gani, kisha hulinganisha aina hii na ile. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha tofauti kubwa katika baadhi ya jeni za kunusa za furu na jamaa zake wa maziwa ya Afrika ya Mashariki. Ikiwa jike aweza kumtambua mwenziwe kwa harufu pale macho yanaposhindwa, basi huenda pua ndiyo ngome ya mwisho ya aina zilizosalia.

Hata hivyo, kipimo hicho hudai samaki aliyevuliwa sasa hivi, kwani kinachopimwa huharibika upesi mno. Samaki aliyekaa miaka mingi katika chupa ya dawa hawezi kutujibu. Aina ikishatoweka, imetoweka pamoja na siri yake.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali iipatie Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, kituo cha Mwanza, vifaa na vijana wa kuifanya kazi hii hapa hapa nyumbani. Halmashauri nazo zizuie maji machafu yasimiminwe ziwani. Na ndugu zetu wavuvi, tuyaache makokoro, hasa kandokando ya visiwa vya mawe ambako furu huzaliana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ziwa letu ukiachwa, hapatakuwa na ukuta wa kujenga.