Fanfari zetu zipige kitu cha Likasi, si nyimbo za kupokea wakubwa tu

Kuna kazi moja ya Wamarekani ambayo mimi ninaionea wivu, na haihusu pesa. Kule, watunzi wanaandika muziki mpya kabisa kwa ajili ya fanfari: tarumbeta, tromboni, tuba, saksofoni, klarineti, filimbi na ngoma, bila violini hata moja. Si nyimbo za kutembelea barabarani siku ya sikukuu. Ni muziki wa kukaa chini na kusikiliza, kama vile mtu anavyosikiliza mzee akieleza kesi. Mwaka 1952, Frederick Fennell alianzisha kundi la namna hiyo katika shule ya muziki ya Eastman, mjini Rochester. Vyuo vingi vikamfuata, na mpaka leo vinaagiza vipande vipya.

Mwaka ule ule wa 1952, hapa kwetu, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimkuta kijana mmoja na gitaa lake akamrekodi. Kijana yule ni Mwenda Jean Bosco, na wimbo ni "Masanga". Mafundi wa gitaa wa Ulaya na Marekani wangali wanajifunza vidole vyake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutunga ni mambo ya watu wa mbali.

Sasa sikilizeni fanfari zetu. Kwa Wakimbangu, kwa Wakatoliki, kwa Jeshi la Wokovu, vijana wanapuliza vizuri, na wengine wanasoma noti kuliko wanafunzi wa Ulaya. Lakini wanapiga nini? Nyimbo za ibada, wimbo wa taifa, nyimbo za matanga, na ile ya kumpokea mheshimiwa anayeshuka gari saa tatu kisha muda aliotangaza. Watoto wanasimama juani, midomo imekauka, wanapewa chupa ya maji na picha moja. Chombo kinachoweza kulia na kukasirika tumekifanya honi ya gari la mkubwa.

Nataka niwaeleze kipande kimoja, hasa ninyi jamaa mliohama makwenu. Kinaitwa "Music for Prague 1968", ni kusema muziki kwa ajili ya mji wa Praha. Karel Husa, aliyekitunga, alizaliwa Praha mwaka 1921. Alikwenda kusoma Paris, nyuma yake utawala ukabadilika, akakosa njia ya kurudi. Akahamia Marekani akafundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwezi wa 8 mwaka 1968 akasikia kwenye redio kwamba vifaru vya Wasovieti vimeingia katika mji wake. Angefanya nini, mtu mmoja aliye mbali hivyo? Akaandika muziki wa fanfari.

Unaanza na filimbi ndogo sana, peke yake, kama ndege anayeita alfajiri, na chini yake ngoma zinagonga polepole. Mara ya kwanza nilipousikiliza nilifikiri simu imeharibika, sauti ilikuwa ndogo mno. Kisha tarumbeta zinaingia kama watu wanaopiga kelele wakati wa hatari. Katika sehemu ya pili saksofoni na vyombo vya chini vinaomboleza, na sehemu ya tatu yote imeachiwa ngoma, kengele na vyuma. Ndani ya kipande chote Husa ameficha wimbo wa zamani wa vita wa watu wa kwao, anautoa kidogo kidogo, mpaka mwisho fanfari nzima inaushika kwa sauti moja. Si muziki mtamu. Mwenye kutafuta kitu cha kuchezea arusi, huu aupite.

Praha yenyewe haikuusikia kwa miaka mingi. Husa alikwenda kuuongoza kule mwaka 1990, alipokuwa na miaka 68. Mtu alihama, muziki wake ukatangulia kuzunguka dunia, kisha wote wawili wakarudi nyumbani.

Tuje kwenye jambo letu. Sisi pia tuko na mwaka wetu. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Zililala mashuleni, na zilikaa kwenye gare ya treni wiki na miezi zikingoja behewa la kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Watoto walizaliwa pale na watu walikufa pale, wengine ndani ya treni kabla ya kufika. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa Panda, Kikula au Shituru, na baba zao walimaliza nguvu zao Gécamines. Baadaye Likasi ikageuka mahali pa kupokea: wakafika watu kutoka Mitwaba na Pweto wakikimbia silaha. Mji ule ule uliofukuza ndio uliofungua mlango. Na bado ukipita gare leo huoni wala husikii kitu kinachosema hayo.

Wachora picha walitutangulia. Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia yote ya nchi hii jinsi yeye mwenyewe alivyoiona, picha karibu 100. Kwa nini mpuliza tarumbeta asifanye vile vile? Mwaka 2015, mtu mwenye chuki aliua watu 9 waliokuwa wakisoma Biblia katika kanisa la watu weusi mjini Charleston. Omar Thomas, mtunzi Mmarekani mweusi, akawaandikia muziki wa fanfari, na mwaka uliofuata ulipigwa. Hawakungoja miaka 30.

Najua mama mmoja atauliza: watoto wangu hawana unga, wewe unaniletea tarumbeta? Ni haki yake, na mwenye unga wa kugawa atangulie, mimi nitanyamaza. Lakini nimeona pia kwamba mtu aliyehama anaulizwa mambo mawili tu: jina lake na idadi ya watoto. Anaandikwa kwenye karatasi, anapewa namba. Hakuna anayemuuliza wimbo gani walikuwa wanaimba kwao wakati wa kupanda, au sauti gani anaikumbuka ya siku ile ya kukimbia. Kumwuliza hakupunguzi unga wake.

Neno lingine linatoka kwa vijana wenye kusoma historia: muziki wa Marekani haukuja hapa na mikono mitupu. Ni kweli. Mwezi wa 10 mwaka 1960 Louis Armstrong alipiga tarumbeta Léopoldville, watu wakambeba juu kwenye kiti kama mfalme, na mwezi uliofuata akapiga Élisabethville. Safari ililipwa na serikali ya Marekani. Wakati tarumbeta ile inalia Léopoldville, Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake katika mji huo huo, na tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 akauawa hapa Katanga. Na kabla ya hapo, uraniamu ya Shinkolobwe, mlango wa pili na sisi, ilikwenda Marekani kutengeneza bomu la Hiroshima. Armstrong simlaumu, alikuja kupiga. Lakini tukimsikiliza Mmarekani, tumsikilize kama mtu anayetudai na tunayemdai. Tuchukue ufundi. Tarumbeta zenyewe ni shaba, mukuba uliochanganywa na zinki, na mukuba si kitu cha kutufundisha sisi.

Kuhusu vyombo kukosekana: orkestra ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza watu wakipokezana violini chache, na nyuzi zilipokatika walifunga waya za breki za baiskeli. Leo inajulikana Ulaya.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Viongozi wa fanfari za Likasi wakutane, wa makanisa yote, bila kungoja mheshimiwa awaite. Wachague mtunzi mmoja au wawili kati yao. Wawaite waliolala gare mwaka 1992 na wangali hapa au wamerudi, na waliotoka Mitwaba, na waliofika jana, waimbe walichonacho na mtu aandike noti. Kipande cha dakika 10 kinatosha. Kipigwe gare, jioni jua likipungua, bila kiingilio na bila viti vya mbele vyenye vitambaa. Na katika mazoezi waingizwe watoto wa jamaa zilizohama, hata wawili kwa kila fanfari, ngoma kwanza kwa sababu haihitaji meno yote. Anayetaka kusaidia aende kanisani kwake Jumapili hii, azungumze na kiongozi wa fanfari kisha ibada.